Jinsi ya kupiga hesabu ya hela ambayo manesi wanaiokolea hospitali (na kuifikisha ofisini bila kufukuzwa)

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tunavaa sare zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, tunawasha mishumaa, tunasoma kiapo, mgeni rasmi anasema manesi ni uti wa mgongo wa sekta ya afya, tunapiga makofi, tunapewa soda, tunaondoka. Mwaka 2024 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa kaulimbiu kabisa ya nguvu ya kiuchumi ya huduma, nikaisoma kwenye bango nikajisemea ehee, leo tutaongea hela. Wapi. Kesho yake nilikuwa zamu ya usiku wodi ya upasuaji wanaume, vitanda 32, wagonjwa 38, nesi mmoja, na huyo mmoja ndo mimi.

Huu mwongozo ni kwa inchaji wa wodi, matroni, patroni, au nesi yeyote ambae amechoka kuambiwa "bajeti hairuhusu". Mimi nilishawahi kwenda ofisini na barua ndefu ya malalamiko, nimeandika tumechoka, tuko wachache, wagonjwa wengi, mkubwa akaisoma akaniambia dada yangu, hapa kila mtu amechoka, akaiweka kwenye trei. Na hakuwa mtu mbaya. Barua yangu haikuwa na namba hata moja ya kumsaidia yeye kwenda kumbana mhasibu. Mara ya pili nilienda na karatasi moja, ukurasa mmoja tu, na nikakaa ofisini saa nzima. Nakueleza nilivyoitengeneza.

Anza na risiti ya mgonjwa

Kabla ya kuhesabu kitu nenda dirishani ukaombe kuangalia bili ya mgonjwa aliyeruhusiwa. Isome mstari kwa mstari. Kumuona daktari, ipo. Vipimo vya maabara, vipo. Eksirei, ipo. Dawa, zipo. Upasuaji, upo. Kitanda, kipo. Nesi yuko wapi? Mtu kalala siku 9, kachomwa sindano sijui ngapi, kabadilishwa bandeji, kapimwa presha usiku, kasafishwa, kapewa somo la kutembelea magongo, na hakuna mstari hata mmoja unaosema uuguzi. Wewe umo ndani ya neno "kitanda". Yaani kimahesabu wewe na godoro ni kitu kimoja.

Sio kwetu tu kwa hiyo usianze kuilaumu hospitali yako. Marekani na utajiri wao wote, daktari anatuma bili yake peke yake, nesi amefichwa kwenye gharama ya chumba na chakula, pamoja na shuka. Madhara yake ni kwamba mhasibu akifungua vitabu anamuona nesi upande mmoja tu, upande wa mshahara. Kule kwenye mapato hayupo. Sasa mtu ambae kwenye vitabu ni matumizi matupu, hela ikipungua unadhani ataanza kukatwa nani?

Kwa hiyo kazi yako ni kumtoa nesi ndani ya godoro, umuonyeshe anaingiza nini na anazuia nini kisitoke.

Hesabu ya watu watano

Hii ni fupi lakini wakubwa wengi hawajawahi kuifanya, wanadhani wodi ikiwa na manesi sita basi wako sita kazini. Chukua mwaka una wiki 52, siku 5 za kazi kwa wiki, ni siku 260. Toa likizo ya siku 28 ambayo ukiondoa wikiendi ni kama siku 20 za kazi. Toa sikukuu, nesi anafanya kazi sikukuu ndio lakini anatakiwa afidiwe ofu, tuseme 15. Toa kuumwa, msiba, semina, tuseme 10. Zinabaki 215. Mara saa 8 ni saa 1,720 kwa mwaka kwa nesi mmoja.

Sasa mwaka mzima una saa 8,760, na wagonjwa hawana wikiendi. Gawanya 8,760 kwa 1,720 unapata 5.1. Maana yake ili pawepo nesi MMOJA wodini muda wote, usiku na mchana, Idi na Krismasi, unatakiwa uajiri watano. Na hapo hakuna aliyeenda likizo ya uzazi, ambayo ni siku 84. Ukiwa na sita una nesi mmoja na kipande. Hiyo namba iandike juu kabisa ya karatasi yako maana inamaliza ule mjadala wa "mbona nyie mko wengi kwenye rosta".

Sasa hesabu dakika, na hapa usiwe mvivu

Hapa ndo penyewe. Kuna njia rasmi ya WHO inaitwa WISN ambayo hata wizara ya afya hapa kwetu Tanzania imeshaitumia kupanga ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, kama DNO wako (muuguzi mkuu wa wilaya) anaijua mwombe akufundishe. Lakini kwa karatasi ya wodi moja daftari na saa ya mkononi vinatosha. Wiki moja, zamu zote, kila kazi unaandika imechukua dakika ngapi. Usikadirie ukiwa umekaa kwenye deski ya manesi. Tembea nayo.

Mimi nilianza na sindano. Kabla ya hapo ungeniuliza sindano moja ya mshipa ni muda gani ningekujibu dakika mbili. Nikaweka saa. Kusoma chati, kuangalia jina la mgonjwa na la dawa, kuvunja chupa, kuchanganya, kuangalia kanula (kile kibomba cha kwenye mshipa) kama inapitisha, imeziba, kuisafisha, kusukuma dawa taratibu maana ukiisukuma haraka mshipa unamuwaka, kuandika saa, kusaini. Dakika 6, na hapo kanula haijatoka. Wagonjwa wa sindano walikuwa 22. Mara 6 ni dakika 132. Kwa hiyo dozi ya saa 4 usiku, mgonjwa wa kitanda cha kwanza anachomwa saa 4, wa kitanda cha mwisho anachomwa saa 6 na dakika 12. Kwenye chati wote imeandikwa saa 4. Mnajua wenyewe.

Usiku wangu wote wa saa 12 ulikuja hivi, nesi ana dakika 720:

Sindano duru mbili, 264. Kupima joto, presha, mapigo na upumuaji kwa wagonjwa 38, dakika 4 kila mtu, mara mbili, 304. Kugeuza wagonjwa watano wasiojiweza, wengi ni wale wa bodaboda, mguu umening'inizwa kwenye uzito, na mmoja aliyevunjika uti wa mgongo, kila baada ya saa mbili, watu wawili dakika 7 kila mmoja, kwa hiyo dakika 14 za binadamu kwa mgonjwa, mara 6 kwa usiku, mara watu 5, ni 420. Kupokea wagonjwa wapya watatu, 105. Dripu, katheta na mifuko ya mkojo, 60. Kuandika na kukabidhiana asubuhi, 75.

Jumla 1,228.

Nesi ana 720. Sijaweka kula, sijaweka chooni, sijaweka yule mgonjwa aliyebadilika saa 9 usiku ukakimbia kumtafuta daktari, sijaweka kwenda kufuata damu maabara ukaacha wodi na mlinzi wa geti. Dakika 508 hazipo, hazikuwahi kuwepo usiku wowote. Sasa swali ambalo nataka uliandike kwa herufi kubwa: dakika zisizokuwepo zinakatwa kwenye kazi gani? Sindano huwezi kuruka, asubuhi daktari anakagua. Mgonjwa mpya huwezi kumwacha mlangoni. Ripoti lazima. Inayokatwa ni ile ambayo hakuna atakayekuuliza asubuhi, na inayohitaji watu wawili wakati uko mmoja na ndugu wa mgonjwa walishafukuzwa saa 12 jioni. Kugeuza. Ile 420.

Nilivyoona hiyo namba nilikaa chini. Maana nilikuwa nawajua wale wagonjwa kwa majina na nilikuwa nazijua nyonga zao.

Fuata dakika mpaka ziwe shilingi

Mtu ambae hajageuzwa usiku, siku ya tatu au ya nne ngozi ya kwenye nyonga au juu ya makalio inakuwa nyekundu, ukibonyeza haigeuki kuwa nyeupe. Wiki ya pili imefunguka. Wiki ya tatu ukiingiza gozi inazama. Kidonda cha kulala kinaanza kwa bure na kinaisha kwa bei mbaya, kwa hiyo hicho ndo kitu kizuri cha kuanza nacho kwenye hesabu ya hela, kwanza kinaonekana kwa macho, pili kila mtu anajua ni kazi ya nesi kukizuia. Marekani bima yao ya wazee, Medicare, tangu Oktoba 2008 iliacha kuilipa hospitali gharama ya ziada ya vidonda vikubwa vya aina hiyo mgonjwa akivipatia hospitalini. Yaani mlipaji alisema waziwazi, hiki nyie ndo mmekisababisha, kigharamieni.

Nenda stoo, chukua bei mlizonunulia nyinyi, sio za mtaani. Namba zangu hapa ni za mfano, weka zako:

Kusafisha na kufunga kidonda kila siku, glavu, gozi, pamba, saline, plasta, tuseme 6,000. Mgonjwa anakaa siku 21 zaidi ya alizotakiwa kukaa, ni 126,000. Antibayotiki siku 7 kwa 5,000, ni 35,000. Kipimo cha kuotesha usaha, 15,000. Kurudishwa thieta kukata nyama iliyokufa, vifaa na dawa ya usingizi, 80,000. Jumla 256,000 kwa kidonda kimoja. Pitia faili za robo mwaka iliyopita, hesabu vidonda vilivyoanzia wodini kwako, usihesabu aliyekuja nacho kutoka nyumbani. Tuseme vinne. 1,024,000.

Hapa kaa chonjo maana mhasibu mjanja atakwambia mbona akikaa siku 21 zaidi tunapata hela ya kitanda siku 21? Swali zuri, nililiulizwa na nilikuwa sijajiandaa mara ya kwanza. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, wangapi kati ya hao wanalipa kweli? Kuna mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, huyo ni msamaha, kuna mtoto chini ya miaka 5, msamaha, kuna yule wa bodaboda ambae ndugu walipotea siku ya pili na ameshaandikiwa msamaha na ustawi wa jamii. Kila siku ya ziada ya hao ni hasara tupu. Pili, kitanda chenyewe kina kazi nyingine. Vidonda vinne mara siku 21 ni siku 84 za kitanda. Kama mgonjwa wa kawaida wa upasuaji anakaa siku 7, hizo ni nafasi za watu 12 ambao wangefanyiwa hernia au tezi wakaenda nyumbani, na mmewapa tarehe ya mwezi wa kumi. Kila mmoja akiacha 150,000 baada ya kutoa gharama, hospitali imekosa 1,800,000.

1,024,000 jumlisha 1,800,000 ni 2,824,000 kwa robo mwaka.

Sasa fanya kitu ambacho utaona kama unajihujumu. Ikate nusu. Sio kila kidonda kingezuilika, wengine walikuja wamekonda na sukari juu, na sio kila kitanda kikifunguka kinajazwa siku hiyohiyo. Andika 1,412,000. Mtu anayepeleka hesabu iliyokatwa tayari haguswi, anayepeleka namba iliyovimba anapigwa swali moja tu karatasi nzima inaanguka. Nimeona inchaji mmoja ameandika wodi yake "imeokoa maisha 200" kwa mwezi, kikao kizima kilicheka na hoja yake ya kweli ikafia pale.

Hela iliyokwama kwenye saini

Hii wengi hawaijui na ndo rahisi kuliko zote. Nenda ofisi ya bima, ile chumba ya watu wenye mafaili mpaka darini, omba madai yaliyokatwa au kurudishwa miezi mitatu iliyopita kwa wodi yako. Tafuta sababu. Utakuta dawa imeandikwa na daktari lakini kwenye chati hakuna saini ya aliyeichoma, kwa hiyo mlipaji anasema hamna ushahidi imetolewa. Utakuta vifaa vya kufungia kidonda vimetumika havijaandikwa. Utakuta tarehe ya kuruhusiwa haifanani na ya kwenye ripoti ya wodi. Sindano imechomwa kweli, dawa imeisha stoo kweli, hela haiji, kwa sababu nesi mmoja mwenye wagonjwa 38 alisahau kusaini kwenye ile dakika ya mwisho ya zile dakika 6.

Huo ndo mstari wa kwanza kwenye karatasi yako ambao mhasibu ataupenda bila kulazimishwa maana ni hela anayoitafuta kila siku. Tuseme ni 950,000 kwa robo. Ikate nusu vilevile, 475,000. Na hapa kuna faida nyingine ambayo huitangazi, ukishaongelea madai yaliyokatwa mhasibu anaanza kukuona ni mtu wa upande wake.

Kuna na gharama ya nesi kuondoka. Anayeondoka anaacha pengo, mgeni anahitaji wiki kadhaa kuizoea wodi, wanaobaki wanalipwa muda wa ziada au hawalipwi wanaanza kuumwa, na tunajua mlango uko wazi, Kenya walishasaini mkataba na Uingereza wa kupeleka manesi mwaka 2021, nchi za Ghuba ndo usiseme. Mimi sikuiweka kwenye jumla kwa sababu sikuwa na namba za kuaminika za wodi yangu, niliitaja kwa mdomo tu. Fanya hivo. Usichoweza kukionyesha faili lake usikiandike.

Ushahidi wa nje, tumia mmoja

Ukijaza karatasi na tafiti za Ulaya watakwambia huku sio Ulaya. Chukua mmoja unaobeba hela ndani yake. Wangu ni wa Queensland, Australia. Mwaka 2016 jimbo lile liliweka kiwango kwa wodi za watu wazima kwenye hospitali 27, wastani wa nesi mmoja kwa wagonjwa wanne mchana na mmoja kwa saba usiku. Watafiti wakazilinganisha na hospitali 28 ambazo hazikuwekewa, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2021. Vifo na waliorudi hospitali baada ya kuruhusiwa havikupanda kama kwenye zile zisizowekewa, siku za kulazwa zikapungua zaidi, na kilichookolewa kwenye siku za kulazwa na kurudi kilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya manesi walioongezwa. Mara mbili. Waliajiri manesi wakabaki na chenji.

Mmoja kwa saba usiku. Mimi mmoja kwa 38. Sikusema zaidi ya hapo, niliziweka namba mbili zikae karibu kwenye karatasi.

Wa akiba, akitokea daktari anayependa tafiti, ni ule wa Linda Aiken na wenzake wa Pennsylvania, 2002, hospitali 168, kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa nesi uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Lakini usije ukachukua hiyo 7 ukazidisha kwa wagonjwa wako 38 ukatoka na idadi ya marehemu. Haifanyi kazi hivo na daktari yule atakuumbua.

Na kama mkubwa wako ni wa kuona kwa macho, mkumbushe majirani zetu Kenya mwaka 2017. Madaktari walimaliza mgomo wao mwezi wa tatu wakarudi kazini, mwezi wa sita manesi wakagoma, miezi mitano mpaka Novemba. Madaktari walikuwepo, majengo yalikuwepo, dawa zilikuwepo, na wodi nyingi za serikali zilikaa tupu. Kumbe kinachoitwa kulazwa ni nesi.

Omba kidogo, omba kinachonunulika

Kosa kubwa ni kumaliza hesabu nzuri halafu ukaandika "tunaomba manesi kumi". Mganga mfawidhi hana uwezo wa kuajiri manesi kumi, vibali vya ajira vinatoka juu huko, kwa hiyo ombi lako linapelekwa "ngazi husika" na ngazi husika ni trei ileile. Omba kitu ambacho anaweza kukisaini yeye na kamati yake kutoka mapato ya ndani.

Mimi niliomba maatendanti (wahudumu wa wodi) wawili wa mkataba kwa ajili ya usiku. Kazi zao, kugeuza wagonjwa pamoja na nesi, kufuata damu, kupeleka sampuli, kusukuma mgonjwa eksirei. Gharama, mshahara 250,000 mara wawili mara miezi mitatu ni 1,500,000, weka na asilimia 10 ya mwajiri ya NSSF, 1,650,000. Na kwa hesabu ileile ya saa 1,720, wawili hawafunikii kila usiku wa mwaka, wanafunika kama usiku 8 kati ya 10, nikaandika hivo hivo wazi.

Faida baada ya kukata nusu, 1,412,000 na 475,000, ni 1,887,000. Toa 1,650,000. Inabaki 237,000 kwa robo mwaka.

Utasema mbona ndogo. Ndogo ndio, na mhasibu aliiangalia hiyo ndogo akaiamini. Angeona milioni 10 angeniuliza nimezitoa wapi.

Mpangilio wa kuipeleka nao una adabu yake. Usianze kwa mkubwa. Anza kwa mhasibu, mwambie kaka naomba unikosolee hizi bei, atabadilisha mbili tatu na kuanzia hapo karatasi ni yake pia. Halafu matroni, maana ukimruka umejitengenezea adui wa miaka kumi. Halafu katibu wa afya. Mganga mfawidhi awe wa mwisho na akute wote wameshaiona. Peleka mapema, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini mipango inaandikwa miezi mingi kabla, ukienda mwezi wa tano umechelewa utaambiwa tutaona mwakani. Usiweke jina la mgonjwa wala picha ya kidonda, namba ya kitanda na tarehe zinatosha. Na tafadhali isipite kwenye grupu la WhatsApp la wodi kabla ya kikao, mimi yangu ilivuja, nikaitwa kuulizwa kwanini naichafua hospitali, ikabidi nianze kueleza upya kwamba hizo ni namba za faili zao wenyewe.

Watakukatia. Niliomba wawili nikapewa mmoja, kwa majaribio ya miezi mitatu. Kubali, lakini siku hiyohiyo chora jedwali la kupima maana baada ya miezi mitatu watauliza amesaidia nini na wewe ndo utakayejibu. Mimi niliweka safu tatu tu kwenye daftari la makabidhiano: vidonda vipya vya kulala, wagonjwa waliogeuzwa mara ngapi kwa usiku, na saa ambayo sindano ya mwisho ya duru ya saa 4 imechomwa kweli, sio ile ya kwenye chati. Manesi walinuna hiyo safu ya tatu, wakaona nawachimba, ikabidi niwaonyeshe nimeanza na zamu zangu mwenyewe.

Wiki ya kwanza ilisoma saa 6 na dakika 20. Wiki ya sita ilisoma mapema zaidi, kwa sababu hakuna tena kuacha sinia ya sindano katikati ukakimbilia maabara. Kitanda namba 14, yule wa uti wa mgongo, aligeuzwa mara 5 kati ya 6 usiku mmoja wa wiki hiyo. Nimeacha nafasi ya safu ya nne, madai yaliyorudishwa, ofisi ya bima wameniahidi kunipa namba mwisho wa robo.